Chuma cha Nyota, Udongo wa Mgeta

Mwanzoni hapakuwa na chuma. Ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu wa fizikia hapa Morogoro mjini: ulimwengu ulianza na haidrojeni na heliamu, vingine vyote karibu havikuwepo. Chuma kilipikwa baadaye, ndani ya nyota kubwa, nazo zikalipuka zikakimwaga. Ndicho kinachoupa wekundu udongo wa milimani kwetu, na damu yetu pia. Somo tamu kweli. Halafu nikapata mimba, na chuma chenyewe kikanikimbia.

Kliniki, nesi alinipima damu akaguna. "Mwalimu, unakula udongo?"

Nikakana. Jamani, ningesemaje? Ulikuwemo mkobani. Mama alikuwa akinitumia kutoka Mgeta kwa malori ya kabichi, ameuchimba mwenyewe na kuukausha jikoni.

"Udongo unazuia chuma kisiingie mwilini," nesi akasema. "Ukiendelea, siku ya kujifungua utatutia matatani."

Nikampigia mama simu. Akacheka. "Wewe na nyota zako! Udongo mwekundu hivi, uache kuongeza damu? Ninyi wote nimewazaa kwa huuhuu."

Nilijua kabisa kwamba amekosea, na bado nilikula, hata darasani nikigeukia ubao. Ile harufu ya ardhi iliyonyeshewa ilinishinda nguvu. Vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa kliniki nilivimeza pia, nikijidanganya.

Siku ilipofika nilivuja damu mpaka shuka zikalowa. Niliogopa kufa, sifichi. Nikasikia wanaita ndugu waje kuchangia damu. Mama alikuwa ameshashuka kutoka mlimani, akajitokeza wa kwanza, mkono wa gauni ameshaukunja. Wakampima, wakamrudisha: hata yeye damu haikumtosha.

"Mimi?" alisema mlangoni, akiutazama mkono wake. "Mimi sina?"

Niliongezewa damu ya watu nisiowajua, Mungu awabariki.

Sasa binti yangu anatambaa. Juzi tulikuwa Mgeta, nikamkuta nyuma ya jiko, mdomo mwekundu. Nikapiga ukelele, mama akaja mbio. Nilimtia binti kidole mdomoni, nikautoa udongo wote, nikamfokea mtoto wa watu mpaka akalia. Mama akambeba akaingia naye ndani.

Nikabaki pale peke yangu, nikakilamba kidole.