Nusu Mbili za Mfuniko wa Kalista

Mpwa wangu Kalista ndiye mwanamke pekee wa Litembo ambaye mali yake ilitunzwa na mume wake na mchumba wake wa zamani, kwa pamoja, bila wao kusalimiana. Naisimulia habari hii mimi mjomba wake, Bernadi, kwa sababu wengine wakiisimulia wanaiharibu. Shule yangu iliishia darasa la sita, sikatai. Lakini wengi waliofaulu la saba walifaulu kwa kuninakilia mimi.

Kalista ni mfupi, mkimya, hana haraka na mtu. Kahawa yake aliachiwa na mama yake, marehemu dada yangu, kwenye mteremko ambao ukidondosha boga unakwenda kuliokota kwa jirani. Haiuzi yote kama wenzake. Nyingine anaikaanga mwenyewe, anaitwanga, anaifunga kwenye mifuko mizuri. Mgeni mmoja aliyewahi kuja huku kujitolea aliionja, akarudi kwao, akaanza kuagiza yeye na rafiki zake. Pesa ya kutoka kule ilikuwa inaliwa na makato njiani hadi inafika imekonda, basi wakakubaliana amlipe kwa bitkoini, ile sarafu ya mtandaoni. Kalista akitaka ya chumvi na sabuni anauza kidogo. Iliyobaki haigusi. Ilikuwa na kazi moja tu: mashine ya kukaangia kahawa, kuukuu lakini nzima, iliyokuwa kwa mzee mmoja Mbinga mjini. Kalista alikwenda kuitazama mara nyingi hivi kwamba mzee yule akamuuliza kama amekuja kuiposa.

Sasa pesa ile haina benki wala meneja wa kumlilia. Ina maneno kumi na mawili ya Kiingereza, yamepangwa kwa mfuatano, ambayo simu inakupa siku ya kwanza. Simu ikifa, unayaandika maneno yale kwenye simu nyingine, pesa inarudi. Mtu mwingine akiyapata, anayaandika kwake, pesa inakwenda. Ukiyapoteza, hata waliotengeneza programu wenyewe hawana la kukusaidia zaidi ya pole.

"Si uyapige picha?" nilimshauri.

"Mjomba, simu ikifa, picha itakuwa wapi?"

"Basi nitumie mimi kwa WhatsApp."

Alinitazama kama unavyotazama mbuzi aliyeingia kanisani.

Karatasi pia hakuitaka, maana mchwa wa kwetu ni wasomaji wakubwa. Akachukua mfuniko wa sufuria ya alumini, ile kubwa ya sherehe, akaukata katikati kwa mkasi wa bati, akajifungia chumbani na msumari na nyundo. Ko, ko, ko, mchana kutwa, herufi moja moja, nukta kwa nukta. Nusu moja ikabeba maneno sita, nusu ya pili sita. Namba hakuandika. Nusu ipi inatangulia, alijua yeye.

Siku hiyo mimi nilioga mapema, nikavaa koti, nikakaa barazani kwake. Nusu moja ilikuwa yangu, nani mwingine? Nikakaa. Nikanywa chai. Nikanywa tena. Nusu ya kwanza akampa mume wake, Hyasinti. Ya pili akaifunga kwenye kitambaa, na kesho yake akapanda gari la Lituhi kumpelekea Wendelini.

Wendelini huyu ni fundi boti kule ziwani. Alimposa Kalista kabla ya Hyasinti, na barua ya posa niliipokea mimi kwa mkono huu, lakini wazee wakasema ziwani ni mbali, mambo yakaishia hapo. Hyasinti hajawahi kumtaja kwa jina. Anamwita "yule wa majini."

"Mwanangu," nilimuuliza Kalista aliporudi, "mjomba wako nina kasoro gani?"

"Huna kasoro, mjomba. Sanduku la kikoba chetu cha akiba lina kufuli tatu, unalijua."

"Nalijua."

"Wenye funguo tunawachagua watu wasiopatana. Wakipatana, siku moja watakaa pamoja, watakunywa, na sanduku litafunguka lenyewe. Hyasinti na Wendelini hawatakaa meza moja mpaka Kiama. Wewe unapatana na kila mtu."

"Hiyo si sifa?"

"Ni sifa. Ndiyo maana sikukupa."

Mimi si mtu wa wivu, ulizeni popote. Lakini ugali wa siku ile haukupita vizuri.

Masharti aliyowapa wale wawili yalikuwa mafupi. Kibati kisipigwe picha. Maneno yasisomwe kwenye simu, hata akipiga Kalista mwenyewe, maana sauti zinaigwa. Asipewe mtu yeyote mpaka Kalista asimame pale kwa miguu yake. "Na nusu moja ikipotea," aliwaambia, "nyingine ni kipande cha sufuria tu."

Kila mwaka baada ya mavuno anashuka Lituhi kuhakikisha kibati kipo, anarudi na mbasa waliokaushwa. Siku hizo Hyasinti anakula maharage.

"Samaki wa yule wa majini wana miiba mingi," anasema.

Fungu lake nalila mimi, kwa kumsaidia.

"Umekwenda kutazama kibati," Hyasinti alimuuliza mkewe mwaka mmoja, "au mwenye kibati?"

"Kibati."

"Na yeye alikuwepo?"

"Asingekuwepo nani angenionyesha?"

Hyasinti akatoka kwenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Basi msimu uliopita, Kalista ameinama kwenye tenki la kahawa iliyomenywa, simu ikateleza kutoka pindo la kanga, ikazama kwenye ute ule. Kuitoa, imekufa. Fundi wa simu pale Mbinga aliifungua, akaitazama, akasema pole kwa ile sauti ya msibani. Na wiki ileile mzee wa mashine akatuma ujumbe: kuna mteja wa Songea anakuja Jumamosi na gari la kubebea. Kama Kalista bado anaitaka, alipe kabla ya hapo.

Kalista akanunua simu nyingine, akamwomba mume wake kibati chake.

"Yule wa majini alete chake hapa kwanza," Hyasinti akasema.

Kalista akampigia Wendelini kwa simu yangu. Nilisikia jibu vizuri, simu yangu ina sauti. "Uliniambia kisitoke mkononi mwangu mpaka uje mwenyewe," alisema. "Njoo."

"Unasikia anavyokuita?" Hyasinti alisema. "'Njoo.' Hata 'tafadhali' hakuna."

"Basi nipe chako nishuke nacho."

"Changu hakiendi Lituhi bila mimi."

Kwa hiyo tukashuka watatu. Mimi nilichukuliwa kama mzee wa msafara, maana mtu haendi nyumbani kwa mpinzani wake bila mzee, na kwa ukoo ule mzee mwenye busara na koti ni mimi. Bodaboda hadi Mbinga, gari kupitia Kitai, kisha mteremko wa kwenda ziwani na lile joto lake linalokupokea mlangoni kama mdai. Hyasinti alikuwa amekivaa kibati tumboni, ndani ya shati, juu yake sweta. Jasho lilimtoka mpaka abiria wa pembeni akamuuliza kama ana malaria. Sweta halikuvuliwa.

Wendelini tulimkuta anapiga randa ubao wa boti, hana shati. Ana mabega yule bwana, sina namna nyingine ya kulisema. Hyasinti aliyatazama mabega, akamtazama Kalista kama naye anayatazama. Kalista alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mfuko.

"Shikamoo, mjomba," mke wa Wendelini alinisalimu. Anaitwa Hildegardi, mama mrefu, anasonga ugali kama anapigana.

"Marahaba, mwanangu."

Akamgeukia Kalista. "Karibu, mwenye sufuria. Mzigo wako upo chini ya debe langu la unga wa muhogo."

Kalista akashtuka. "Chini ya debe? Si kilikuwa kwenye sanduku la Wendelini?"

"La nguo, ndiyo. Nikakitoa. Mwanamke mwingine halali kwenye sanduku la nguo ndani ya nyumba yangu, hata akiwa alumini."

Wendelini alizidisha randa.

Kibati kikaletwa, kikafutwa unga. Hyasinti akakitambua. Kumbe hakuwa amewahi kukiona. Alidhani nusu ya mwenzake imechapwa kwenye kitu kingine, pengine kizuri zaidi. Sasa akaona ni mfuniko uleule, wa sherehe ya harusi yao, umekatwa mara mbili, upande mmoja umelala kwake na upande mwingine huku. Masikio yakamsogea.

Kalista akaweka simu mpya mezani chumbani, akaeleza utaratibu: kila mtu ataingia peke yake aandike yake sita, mwingine asubiri nje.

"Ataanza Wendelini," alisema.

"Kwa nini yeye?" Hyasinti akauliza.

"Yake ndiyo ya kwanza mpaka la sita."

"Na yangu?"

"La saba mpaka la kumi na mbili."

Wendelini akatabasamu. Angeweza kutazama pembeni, lakini hakutazama.

"Kuku akichinjwa nyumbani kwangu," Hyasinti alisema taratibu, "firigisi anakula nani?"

"Wewe, baba."

"Nashukuru. Na hapa firigisi kapewa nani?"

"Hyasinti, ni maneno tu, hakuna la juu wala la chini. Bila yako, yake hayana..."

Lakini alikuwa ameshatoka. Alishuka moja kwa moja ufukweni, akaingia majini na viatu, maji yakamfika magotini, akachomoa kibati tumboni na kukinyanyua. Jua likapiga alumini ile ikawaka kama kioo. Kwa mkono wa Hyasinti, anayerushia mawe nyani shambani kila msimu, kingefika mbali.

Kalista akakaa juu ya ile boti ambayo haijakwisha, mikono magotini. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Nilidhani anasali. Baadaye aliniambia alikuwa anajaribu kuyakumbuka yale sita ya mume wake, akapata mawili.

Nikamfuata Hyasinti hadi maji yanapoanza. Viatu vyangu ni vya ngozi.

"Mkwe, rudi. Mashine inauzwa Jumamosi."

"Iuzwe."

"Miaka ya jasho la mkeo hiyo umeishika."

"Aje achukue kwa huyo mwenye firigisi."

Nikageuka kumtazama Kalista. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa. Wendelini naye aliuona. Akaweka randa chini, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka majini:

"Mwache atupe. Kalista, usisononeke. Boti hii nikiimaliza naiuza, na mashine nitakununulia mimi."

Mwiko wa Hildegardi ulisimama.

"Utauza boti ya nani?" Hildegardi akauliza.

"Nasema tu, mke wangu, kama ikibidi..."

"Boti ya ada ya wanangu. Umnunulie mke wa mtu mashine."

"Ni kumtia moyo tu."

"Wangu unautia lini?"

Wakati hao wanaendelea, Hyasinti alikuwa ameshashusha mkono. Alitoka majini akichapa maji pande zote, akanipita, akampita Wendelini bega kwa bega, akafika kwa Kalista.

"Hakuna mwanaume atakayemnunulia mke wangu mashine," alisema. "Simu iko wapi? Huyu aanze, aandike upesi, atoke."

Wendelini akaingia, akaandika, akatoka. Hyasinti akaingia, akafunga mlango na komeo. Alikawia. Anaandika kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe ni cha jembe.

"Kalista," tulisikia kutoka ndani, "hapa kwenye la tisa, hii herufi ya pili ni..."

"Usiseme kwa sauti."

Kalista alikuwa ameshika ukingo wa boti. Mimi nilikuwa nimemshika bega, ingawa sikumbuki nililishika saa ngapi. Komeo likasikika.

"Imekubali," Hyasinti alisema, maji yanamchuruzika kwenye suruali. "Ipo yote."

Kalista aliingia akaitazama mwenyewe, akatoka, akafuta macho kwa kanga haraka haraka kama mtu aliyeingiwa na moshi. Palepale akauza kiasi cha mashine, akamtumia mzee wa Mbinga, mzee akajibu kwamba mteja wa Songea atatafuta nyingine. Kisha akatufukuza wote tena. Maneno yaliyokwisha kukutana kwenye nyumba moja, alisema, hayafai kutunza kitu. Akatengeneza mapya kumi na mawili, akahamishia akiba iliyobaki huko. Mfuniko wa kuyachapia Hildegardi alimnyima waziwazi. Ikabidi Wendelini atoe kipande cha alumini cha kuzibia boti. Ko, ko, ko, mpaka jua likaanza kuingia milima ya Malawi.

Nusu moja akaipokea Hyasinti, akairudisha tumboni bila kuuliza ni ya ngapi. Wendelini akanyoosha mkono kwa nyingine, lakini mkono mwingine ulikuwa umeshaichukua.

"Hiki nitakishika mimi," Hildegardi alisema.

"Mama Placidi, hiyo ni amana niliyokabidhiwa mimi..."

"Ulikabidhiwa."

Akamtazama Kalista, Kalista akamtazama yeye. Upendo haukuwepo pale hata wa kulambia kidole. Na mpwa wangu akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mnunuzi aliyepata mzigo wenye uzito kamili.

"Masharti unayajua?" Kalista akamuuliza.

"Nayajua. Na la kwangu naongeza: ukija na mumeo, nitakupa. Ukija peke yako, sikujui."

Hyasinti alicheka. Sijawahi kumwona anacheka akiwa chini ya Litembo. Hildegardi akaingia ndani na kibati, akatoka mikono mitupu, akaendelea na ugali wake. Wendelini akaingia, tukasikia debe linasogezwa, sanduku linafunguliwa, vyombo vinapanguliwa. Akatoka akakaa karibu yangu, mabega yote yameshuka.

"Mzee," aliniuliza kwa sauti ya chini, "wewe unadhani amekiweka wapi?"

Mimi nitajuaje? Mimi sijawahi kukabidhiwa hata msumari.