Ncha ya Sindano Ndani ya Swichi

Mwanangu, siku niliyovunja ufunguo wa gari la mzungu naikumbuka mpaka rangi ya gurbaba, shuka letu la Kinubi, niliyokuwa nimejifunga. Ya njano. Nilikuwa bi harusi wa miezi mitatu hapa Kibra, na akili zangu wakati ule, we acha tu.

Babu yako Ramadhani alikuwa dereva wa daktari mmoja wa kizungu. Siku hiyo aliruhusiwa kuja na gari nyumbani kula chakula cha mchana, mradi saa nane awe amelirudisha. Dereva aliyemtangulia alipoteza pampu ya magurudumu tu, akapelekwa polisi, akafungwa. Kwa hiyo Ramadhani aliliogopa lile gari.

Alipokwenda kuswali adhuhuri aliacha ufunguo kwenye swichi, maana uani kwetu nani angeiba? Mimi huyo nikaingia. Nilitaka kusikia linavyonguruma, basi. Nikazungusha, likakataa. Nikazungusha kwa nguvu zote. Tak! Kichwa cha ufunguo kikabaki mkononi mwangu, meno yake yakabaki ndani.

Hapo ndipo ningepaswa kuita watu. Sikuita. Woga ulinishika. Nikakificha kile kichwa kwenye pindo la gurbaba, nikakimbilia sindano nene ya mama mkwe, ile aliyosukia tabaka, vile vifuniko vya chakula. Nikachokoa, nikachokoa. Ncha ikakatika, nayo ikabaki humo humo! Nikarudisha sindano mahali pake, nikaenda kukoroga mboga.

Ramadhani alirudi, akaona, akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Halima, nani amegusa gari?"

"Sijui," nikasema. Kwa mdomo huu huu.

Akaitwa Njuguna, fundi aliyekuwa akipita na baiskeli kurudi kwao Kawangware. Akatia mafuta kwenye tundu, akaingiza kipande cha msumeno mwembamba ili meno yake yanase ule ufunguo, akavuta taratibu. Wapi! Akajaribu tena, jasho likimtoka.

"Kuna kitu kinazuia," akasema. "Hapa ni kuvunja swichi yote."

Swichi ikivunjwa, gari halirudi saa nane, na mume wangu analala selo. Nililijua hilo, na bado ulimi ulikuwa mzito. Njuguna akachukua nyundo.

Nilipogeuka nilimwona mama mkwe mlangoni, sindano yake mkononi, akiipapasa pale ilipokatika. Aliniangalia tu. Wallahi, nilitamani ardhi ipasuke.

"Ngoja, fundi!" nikapiga kelele. "Kuna ncha ya sindano humo. Ni mimi. Na ufunguo pia ni mimi."

Njuguna akaweka nyundo chini. Akaitoa ile ncha kwa kibano, na baada yake ufunguo ukafuata msumeno bila taabu. Nikafungua pindo nikampa kichwa cha ufunguo, akaviunga vipande viwili kwa lehemu kwenye jiko langu la mkaa. Ramadhani alizungusha kwa vidole viwili akisoma bismillahi. Likawaka. Akaondoka bila kula, bila kunitazama.

Nilikaa mlangoni mpaka alasiri. Mama mkwe akaja akakaa kando yangu.

"Ufunguo ulikatika tu, hata mimi ningeukata," akasema. "Lakini hii sindano uliivunja kwa kuficha. Na kwa hii ungemfungisha mwanangu."

Ramadhani alirudi kwa miguu, mzima. Alimwambia daktari yote. Daktari akafoka weee, kisha akafungua droo akatoa ufunguo wa pili. Ulikuwa humo siku zote.

Sindano yenyewe ni hii hapa, shika. Haishoni kitu. Wewe tangu juzi hunitazami machoni, na sahani yako inarudi jikoni ilivyokuja. Sikuulizi umevunja nini. Kamwambie mama yako leo, maneno yakiwa bado machache, kabla hujaanza kuchokoa. Atafoka, na afoke. Mungu akufungue ulimi, akulainishie moyo wa anayekusikiliza, akurudishe kwetu mzima.

Haya, nenda. Chakula chako nitakifunika.