Nilivyomwamkia Mama Mkwe Nimekaa

Siku ile sijaisahau, mwanangu, na kila nikiikumbuka natembea kifua mbele. Nilikuwa mwalimu kijana hapa Masasi, na kesho yake jua lilikuwa linapatwa. Shule yetu ilikuwa na darubini moja na kamera moja ndogo ya kufunga kwenye darubini hiyo, ili watoto walitazame jua kwenye kompyuta wasije wakaharibu macho. Wanafunzi wa Lupaso na Lisekese nao tulikuwa tumewaalika.

Mchana huo kamera ikagoma kusomeka kwenye kompyuta. Dawa yake ilikuwa kusasisha ile programu inayokaa ndani ya kamera yenyewe, na maelezo yalionya: ukikatisha katikati, ya zamani imeshafutwa na mpya haijakamilika, basi kamera imekufa. Nikahakikisha chaji ya kompyuta imejaa, nikakaa mkekani sebuleni kwangu, nikaanza. Mstari wa kijani unaoonyesha kazi ilipofikia umeshaanza kutembea kwenye kioo, ndipo nikaona waya wa kutoka kwenye kompyuta umelegea pale unapoingia kwenye kamera. Nikaubana kwa vidole. Hata kujikuna sikuthubutu.

Si ndipo mama mkwe akatokea! Katoka Chiwata bila taarifa, ndoo ya njugu mawe kichwani. Na kwetu unajua: mkwe akiingia unanyanyuka mbio, unampokea mzigo, unapiga goti ndipo unamwamkia. Mimi nimeganda pale pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akasimama mlangoni na ndoo yake. "Heh! Mama Zuhura, leo mimi wa kuamkiwa umekaa?"

Aibu niliyoiona, mwanangu, we acha tu! Vidole vikataka kuachia. Nikasema, "Mama, nisamehe. Nikiuachia waya huu kamera ya watoto inakufa, na kesho hawaoni kitu. Nikimaliza nitakupigia goti hata mara mbili."

Akautazama waya, akavitazama vidole vyangu. Kisha akashusha ndoo mwenyewe, akavuta kigoda, akakaa pale mlangoni. Jirani akaja kuomba chumvi, akafukuzwa. Zuhura wangu akarudi mbio kutoka kucheza, akadakwa mkono kabla hajakanyaga waya.

"Asipite mtu! Mkwe wangu ana kazi ya shule!"

Mstari ukafika mwisho. Kamera ikajizima, roho ikanipaa, halafu ikawaka yenyewe na kompyuta ikaisoma. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akarudi mbio kuuliza nani kajifungua. Ndipo nikapiga goti, na mama akanikumbatia huku anacheka.

Kesho yake jua likapatwa hadi ikabaki pete ya moto, watoto uwanja mzima wanapiga kelele mbele ya kompyuta. Kiti cha mbele kakaa nani? Mama mkwe, anamwambia kila mtu kwamba kamera ile kailinda yeye.

Sasa sikiliza, mwanangu. Siku ukisasisha kifaa, kagua waya kabla ya kuanza, usifanye kama mimi. Jaza chaji, maana umeme wetu haupigi hodi ukitaka kuondoka. Ukishaanza usichomoe, usizime, hata mstari ukisimama ukakutia wasiwasi. Na mkubwa akiingia, mwamkie kwa mdomo na umweleze ukweli. Heshima haipotei hapo. Mtu mzima akielewa unachokilinda, atakilinda pamoja nawe.

Mungu akupe utulivu wa mkono, kazi zako zote zifike mwisho, na siku ukioa au ukiolewa akujalie mkwe kama wangu. Amina.