Mkoba Alioubuni Filomena

Filomena Scarpati alishona turubai miaka ishirini na sita katika karakana ya ghorofa ya tatu, karibu na Canal Street, New York, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza anawaza nini. Alishona mikoba ya mafundi wa simu, wale wapanda nguzo, ya kutilia koleo na nyaya. Mwenye karakana, Carmine Lofaro, alikuwa mtu wa kelele nyingi na kazi haba, na kila kilichotoka mikononi mwa Filomena alikiita chake.

Mwaka 1974 aliingia Errol Greenidge, tarishi wa baiskeli, mzaliwa wa Barbados, jasho linamtiririka, mgongoni ana mkoba wa fundi wa simu.

"Mama, huu mkoba wenu utaniua," alisema. "Nikishika breki unazunguka mpaka mbele, unanipiga magoti. Jana nusura niingie chini ya basi."

"Huo ni wa kupandia nguzo, kijana. Nani kakutuma uuvalie baiskeli?"

"Njaa, mama."

Filomena alicheka, akamwambia ailete baiskeli juu. Alimkalisha juu yake katikati ya meza za kushonea, ameinama kama anayekimbizana na taa ya kijani, akamchora mistari ya chaki mgongoni. Carmine alifoka kwamba karakana yake imegeuzwa sarakasi. Wiki iliyofuata mkoba ulikuwa tayari: mkanda mpana unaoukaza mgongoni, na kifungio cha chuma ambacho tarishi angeweza kukilegeza kwa mkono mmoja bila kushuka. Ndani alitia bitana ya plastiki, akaishona mdomoni tu na kuiacha ining'inie, maana kila tundu la sindano ni mlango wa mvua. Wazo hilo la bitana lilimjia ndani ya treni, na alifika nyumbani akitabasamu peke yake.

Kampuni za matarishi ziliugombea, kila moja na rangi yake. Carmine akaweka sheria: asiye na barua ya kampuni hauziwi mkoba. Matarishi wenyewe waliilinda sheria hiyo kwa ngumi. Ukikutwa umevaa rangi isiyo yako, unavuliwa papo hapo barabarani.

Miaka kumi na moja baadaye, Carmine akiwa ametoka kula, alikuja kijana mpole aitwaye Gregory Thayer. Alisema ni tarishi mpya, barua kaisahau. Filomena alimtazama mguu wa kulia wa suruali. Haukuwa na hata tone la grisi ya cheni. Akajua anadanganywa, na alikuwa ameshafungua mdomo amfukuze.

"Mama, samahani," Gregory akasema, huku akiingiza mkono chini ya bitana. "Hii imening'inia makusudi? Nani aliyebuni kitu hiki?"

Ole wake Filomena! Swali hilo lilimlevya. Alieleza yote, mkanda, kifungio, matundu ya sindano, mpaka akamchorea kwenye karatasi. Kisha akamfungia mkoba mweusi bila barua, naye Gregory akashukuru na kuondoka na ile karatasi.

Mwaka uliofuata mikoba ilijaa madirishani mwa maduka ya fahari, imebandikwa jina la Gregory. Filomena alisimama mbele ya dirisha moja mpaka mlinzi akamwambia asogee. Alijiambia si kitu, mradi watu wa nyumbani kwake wajue.

Jumapili ya kutimiza miaka sitini, baada ya tambi na mchuzi wa nyama, binti yake Loretta alimwekea boksi mezani. Ndani mlikuwa na mkoba wa Gregory.

"Mama, uachane na yale magunia yenu ya waendesha baiskeli. Ona kazi ya mtu aliyesoma!"

Filomena alipitisha kidole kwenye mshono. "Loretta, mkoba huu nimeubuni mimi."

"Umeushona, unataka kusema."

"Nimeubuni. Huyu alikuja karakana, nikamweleza mwenyewe."

Loretta alimtazama mumewe, wakacheka kidogo, kwa huruma, jambo lililouma kuliko kejeli.

"Mama yangu jamani," alisema, akimshika mkono. "Ungeubuni wewe, mimi ningekulia kwenye kile chumba cha kupanga juu ya duka la dobi?"

Filomena aliona aibu kana kwamba ni yeye aliyeiba.

"Haya, uvae nikupige picha. Cheka, Mama!"

Akauvaa. Akacheka.

Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwa Loretta. Wageni wakiusifu mkoba, Loretta huwaambia kwa fahari jina la aliyeubuni: Gregory Thayer.