Alicholeta Paka wa Noelene

Noelene Pascoe aliendesha basi la shule la mji wetu wa Merrabool kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemkuta amenyamaza. Aliongea na watoto, akaongea na ng'ombe waliovuka barabara, akaongea hata na ukungu wa vilima vyetu vya Gippsland. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka barua mtaani kwao, na siku nikiwa na haraka nilitumbukiza barua zake sandukuni nikaondoka kwa kunyata, maana akikuona, asubuhi imekwisha.

Mwezi wa Aprili, akiwa kwenye foleni ya duka la mikate, kiharusi kilimshika. Alitaka kuagiza mkate, yakatoka maneno yasiyo na kichwa wala miguu, kisha mkono wa kulia ukalegea na mkoba ukaanguka. Msichana wa dukani alikuwa mwepesi wa akili, akaita gari la wagonjwa papo hapo. Hilo ndilo lililomwokoa.

Alirudi nyumbani baada ya wiki tisa. Mguu ulikuwa umepona kiasi cha kutembea na mkongojo. Mkono wa kulia ulishika vitu, lakini haukuwa na ustadi. Kufunga kifungo kimoja cha shati ilikuwa kazi ya robo saa. Lililomuuma kuliko yote ni ulimi. Akili yake ilikuwa timamu, alijua anachotaka kusema, ila neno likifika mdomoni linageuka kuwa jingine. Akitaka chumvi anasema "ngazi". Akitaka kumtaja mwanawe Rohan anasema "Jumatano". Mtaalamu wa matamshi aliyemtembelea alimwambia hali hiyo hupungua kwa mazoezi, azungumze na watu. Noelene hakuzungumza na watu. Alifunga mapazia ya mbele, akaiacha simu ilie mpaka ichoke, akabaki na paka wake Haradali, dume la manjano lenye sikio lililochanika, ambaye hakujali anaitwaje almradi sahani yake haikai tupu.

Ng'ambo ya uzio aliishi Glenys Hanrahan, muuguzi mstaafu, mwembamba kama fito. Nyumba yake ilikuwa imejaa wanyama wa mwituni waliopatwa na mikasa: watoto wa kangaruu ambao mama zao waligongwa na magari, popo walionasa kwenye nyaya, ndege waliovunjika mbawa. Alikuwa na kibali cha kuwalea mpaka wapate nguvu, kisha huwarudisha porini. Yeye na Noelene walikuwa hawasalimiani mwaka wa pili sasa, na chanzo kilikuwa Haradali. Glenys alimwandikia jirani yake barua akimtaka amfungie paka ndani usiku, kwa sababu anamaliza ndege. Noelene aliijibu barua hiyo kwa mdomo, akiwa upande wake wa uzio, na mtaa mzima ulisikia. Tangu hapo kila mmoja akawa anaangalia maua yake tu.

Asubuhi moja ya Septemba, Noelene alikuta kitu kwenye sakafu ya chumba cha kufulia. Haradali alikuwa amekipitisha kwenye kijimlango chake, naye amekaa pembeni anajilamba. Kitu chenyewe kilikuwa posamu, mnyama wa mitini mdogo kuliko paka, yule mwenye mkia mrefu unaojikunja kwenye matawi. Alikwisha kufa. Noelene alichukua gazeti amfunge akamzike. Alipoinama aliona tumbo la yule mnyama linatikisika. Posamu ni kama kangaruu, hubeba watoto wake mfukoni.

Alisimama pale ameshika gazeti. Kumwacha hawezi, kumtoa hajui. Mtu wa kumwita alikuwa mmoja tu, na namba yake ilikuwa chini ya ile barua ya ugomvi, iliyosokomezwa kwenye droo ya jikoni. Aliitafuta, akabonyeza namba kwa mkono wa kushoto.

"Glenys hapa."

"Ngazi," alisema Noelene.

"Nani mwenzangu?"

"Ngazi... kuna... ndoo. Ndoo mfukoni!"

"Kama umelewa asubuhi yote hii, ndugu yangu, mimi sina muda wa utani. Nina watu wanasubiri maziwa."

"Si... si..." Machozi yalimtoka kwa hasira. Akavuta pumzi, akalisukuma neno kwa nguvu zote: "Haradali!"

Jina la paka lilitoka zima.

"Noelene? Ni wewe?" Sauti ya Glenys ilibadilika. "Amekamata nini? Ngoja, usiseme. Gonga simu kwa ukucha. Mara moja kama ni ndege, mara mbili kama ni mnyama."

Noelene akagonga mara mbili.

"Ana mtoto mfukoni?"

Akagonga, akagonga, akagonga.

"Basi, basi, nimekusikia. Usimguse, usimvute. Nakuja."

Alifika kabla Noelene hajairudisha simu mahali pake, amevaa gauni la kulalia na juu yake koti la mvua, miguuni viatu vya mpira. Hakusalimia. Alipiga magoti kwenye vigae, akaufungua mfuko wa yule posamu kwa vidole viwili.

"Wawili," alisema. "Mmoja ameshaondoka. Huyu bado yupo."

Mtoto alikuwa mdogo kama kidole gumba, ana manyoya membamba kama vumbi, na mdomo wake ulikuwa umeing'ang'ania chuchu ya mama yake. Glenys hakumvuta. Alitoa mkasi mdogo mfukoni mwa koti, akaikata ile chuchu, akamchukua mtoto nayo ingali mdomoni. Alimtia ndani ya soksi, na soksi akaitia kifuani mwake apate joto.

"Amekwaruzwa paja. Jino la paka ni sumu kwa hawa; asipopata sindano leo, keshokutwa hatuna mtoto. Nampeleka kwa daktari wa wanyama. Utakuja, au utabaki hapa unanikodolea macho?"

Noelene alikwenda. Njia nzima alingojea kuambiwa habari za paka. Walipovuka daraja Glenys alisema, bila kumtazama, "Najua unachongoja. Paka ni paka, hiyo ndiyo kazi anayoijua. Usiku alikuwa nje kwa sababu aliachiwa mlango. Utaufunga?"

"Ndoo," alisema Noelene. Akajipiga paja kwa hasira, akatikisa kichwa kukubali mpaka miwani ikamteleza.

"Nimeelewa. Ndoo maana yake ndiyo."

Daktari alimpiga yule mtoto sindano nyembamba kama unywele. Akasema siku tatu zikipita bado anakula, wanaweza kuanza kuwa na matumaini. Kabla ya hapo asingewadanganya.

Siku ile alasiri Glenys alimwita Noelene juu ya uzio, kwa sauti ya kumwita mtu ambaye hamjagombana naye maisha yenu yote. Jikoni kwake, mtoto alikuwa kwenye kikapu, pembeni ya chupa ya maji moto, ndani ya kifuko cha pamba kilichotiwa ndani ya kifuko cha sufu.

"Kila akila anajikojolea, na kila akijikojolea inabidi nibadilishe kifuko," alisema Glenys. "Nina kangaruu watatu nao wanataka vyao. Mama aliyekuwa akinifumia amehamia kwa bintiye, mwingine macho yamemwisha. Nasikia wewe zamani ulikuwa unafuma."

Akamwekea sindano mbili za kufumia na donge la uzi wa kijivu mapajani. Noelene alizisukuma, akainua mkono wake wa kulia uliolegea amwonyeshe.

"Nimeuona, mimi nilikuwa muuguzi. Kwapa unalo?"

Noelene alimtazama.

"Bana sindano ya kulia kwapani, mkono ushike tu. Wa kushoto ndio ufanye kazi. Bibi yangu alifuma hivyo miaka yote, huku anakoroga sufuria."

Ilichukua karibu saa nzima kuweka mstari wa kwanza. Uzi ulidondoka, akauokota, ukadondoka tena. Kisha, ili asipoteze hesabu, akaanza kuhesabu bila kufikiri. "Moja, mbili, tatu, nne..." Alifika ishirini na nane bila kukosea hata moja. Ndipo alipoisikia sauti yake mwenyewe, akaganda.

Glenys naye aliacha kuosha chupa. "Hesabu," alisema polepole. "Hesabu, nyimbo na matusi. Niliwauguza wengi wenye maradhi yako. Vitu hivyo vinalala chumba kingine kichwani, havibomoki na nyumba. Haya, hesabu mstari wa pili."

Noelene alihesabu jioni nzima. Alihesabu kesho yake tangu chai ya asubuhi. Wakati huo mtoto hakuwa na hali nzuri. Asubuhi alinyonya matone machache, mchana akageuza uso, na Glenys akawa anamsugua mgongo kwa kidole, na Noelene alifahamu kuwa hiyo ni dalili mbaya. Hakuweza kumponya, kwa hiyo alifuma. Ilipofika jioni kifuko kilikuwa tayari. Alikikabidhi kwa mikono miwili.

Glenys alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Hiki ni kifuko au wavu wa samaki? Tazama hili tundu. Ukucha wake utanasa hapa, atavunjika kidole. Fumua uanze upya."

Siku nzima ya kazi. Noelene aliinuka na mkongojo wake. "Fumua mwenyewe, kizee usiye na haya wewe! Nimekufumia kwa kwapa tangu alfajiri, unaniambia wavu wa samaki!"

Wote wawili walikuwa wamesikia. Ilikuwa sentensi nzima, kila neno mahali pake, ya kwanza tangu Aprili.

Glenys alivua miwani. "Rudia tena," alisema.

"Kizee... kizee..." Noelene akashindwa, si kwa ulimi, bali kwa kicheko. Alicheka mpaka akashika meza. Glenys naye alicheka, yeye ambaye mimi sikuwahi kumwona akicheka kwa miaka kumi na minne ya kumletea barua.

Walikaa hivyo mpaka giza likaingia, kisha Noelene akafumua.

Siku ya tatu, kabla Noelene hajapiga mswaki, kulibishwa hodi dirishani. Glenys alikuwa amesimama kwenye umande na viatu vyake vya mpira.

"Amekula! Amemaliza kipimo chote akataka zaidi. Na kinyesi chake ni kizuri, mama wee, ungekiona!"

Noelene alitoka, akakaa kwenye kizingiti cha mlango na nguo zake za kulalia. Hakulia. Alipumua tu, pumzi ndefu moja baada ya nyingine, kama mtu aliyeshusha mzigo ambao hakujua uzito wake mpaka alipoutua. Simu ililia ndani, naye bila kufikiri akaenda akaipokea.

"Mama?" Alikuwa Rohan, ambaye alizoea kupiga kila siku bila kujibiwa, kisha kumpigia Glenys kuuliza kama moshi unatoka kwenye bomba la jiko la mama yake.

"Rohan," alisema Noelene.

Kisha akadhani simu imekatika. Kumbe kijana wa miaka arobaini na mmoja alikuwa ameweka simu kifuani ili mama yake asimsikie akilia.

Jumamosi Rohan alikuja na mbao na wavu wa waya, akajenga kizimba kutoka dirisha la chumba cha kufulia mpaka chini ya mti wa limau. Kijimlango kilipigwa misumari. Haradali alinuna siku mbili, akagoma kula siku moja, kisha akagundua kwamba jua la kizimbani ni jua lile lile, akaanza kunenepa.

Glenys hakuwapa wanyama wake majina. Alisema ukimpa jina hutaki kumwacha aende. Noelene alimpa yule mtoto jina la Ndoo siku ya nne, wala hakuomba ruhusa. Mpaka Krismasi alikuwa amefuma vifuko sitini na viwili. Vingine vilikwenda kwa walezi wa wanyama wa miji ya mbali. Maneno nayo yalirudi, mengine mapema, mengine kwa kusuasua, na majina ya watu ndiyo yaliyochelewa zaidi. Vifungo vya shati havikurudi. Alinunua mashati ya kuvalia kichwani.

Februari, Ndoo akiwa mnene na mkorofi, aliwekwa pamoja na posamu wengine wawili yatima, maana hawa hawapendi kuishi peke yao. Jioni moja jua likizama Glenys alining'iniza sanduku lao juu ya mti kando ya kijito, akafungua mlango. Wawili walichungulia, wakarudi ndani. Ndoo alitoka moja kwa moja, akashika tawi kwa mkia, akapotea kwenye majani.

Asubuhi wale wawili walikuwa wamelala sandukuni. Ndoo hayupo. Siku ya pili hayupo. Noelene alisema labda bundi, na Glenys hakumkanusha, kwa kuwa bundi wapo. Siku ya tatu asubuhi walishuka pamoja kijitoni, Noelene na mkongojo, Glenys mbele akichungulia juu mpaka shingo ikamkaza. Walikuwa wamekaribia kukata tamaa Glenys aliposimama ghafla.

"Pale, kwenye ule mti ulioinamia maji. Unaona lile donge la vijiti na magome?"

Noelene aliliona. Lilikuwa kubwa kama mpira, limesukwa ovyo lakini limeshikamana. Kutoka kwenye ufa wake ulining'inia mkia wenye ncha nyeupe, mkia wa Ndoo.

"Amejenga mwenyewe?"

"Ulitaka amwite fundi?"

"Mbaya kweli, hiyo nyumba," alisema Noelene, akijifuta macho kwa mkono wa shati. "Imepinda."

"Imepinda, lakini haivuji."

Walikaa kwenye gogo. Glenys alifungua chupa ya chai, Noelene akatoa vipande vya keki ya zabibu vilivyofungwa kwenye karatasi, na wakaanza kubishana kama posamu huhamia nyumba mpya na mke au huoa baadaye. Saa sita mchana walikuwa bado wako pale.