Gia Zinaingia, Gari Haliendi

Ulipita hapo, usikatae. Uliona miguu ya mwanamke imechomoza chini ya gari pale Malili, ukageuza uso, ukaendelea na soda yako. Hata mwaka wa 2019, wajawazito walipokuwa wakishushwa mlimani kwa mabega ya watu, ulitazama pembeni vilevile. Tunakumbuka.

Ni saa tatu asubuhi, Jumatano. Miguu ile ni ya Kasyoka, fundi wa miaka thelathini na minane. Hii ni siku ya tatu tangu afunge gia boksi nyingine kwenye gari la kikundi cha akina mama wa Nunguni, kule mlimani.

"Tia ya kwanza, mwaitu," anamwambia Kavindu, mwenyekiti wa kikundi, aliyeketi kwenye usukani. Si mamake mzazi, lakini kwa umri wake hawezi kumwita vingine.

Gia inaingia vizuri. Kavindu anaachilia klachi, anakanyaga mafuta. Mshale wa mwendo unapanda hadi arobaini. Gari halijasogea hata upana wa kidole.

"Haiya! Tunakimbia hivi na bado tuko Malili?" anashangaa Kavindu. "Hii gari imerogwa."

Kasyoka hacheki. Klachi ameikagua mara mbili. Oili ipo. Ekseli za mbele zimekaa sawasawa. Sasa ni nini?

"Miaka kumi na minne nimefanya hii kazi," anasema, akijipangusa grisi shingoni. "Gari ikikataa huwa inaniambia kwa nini. Hii inanidanganya."

Hakuna gari lingine linalokubali kupanda kilomita kumi na moja za mawe hadi kwa kina Kavindu. Tangu Januari hili limeshusha wajawazito kumi na saba. Wa kumi na minane ni Kanini, mke wa mwanawe Kavindu. Mtoto amelala kikingamo tumboni, na daktari amesema Ijumaa lazima awe hospitalini.

Kasyoka anazunguka gari, anarudi, anazunguka tena. Mwishowe anaiendea gia boksi kuukuu aliyoitoa kwenye gari hilo, iliyotupwa kando ya ua. Anaifungua. Zile gia za kugawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma zimechomelewa pamoja, zikawa donge moja.

Anampigia Kilonzo, fundi aliyelishika gari hilo miaka mitatu iliyopita.

"Kilonzo, ulichomelea nini humu?"

"Aa, dada, hiyo ni ya kupunguza mafuta! Nilitoa propela, ile shafti ya kupeleka nguvu nyuma, nikachomelea, ikavutwa na mbele peke yake. Kwani haikuenda?"

"Ilienda mpaka ikakufa! Propela iko wapi?"

"Kuna mtu wa Nunguni alikuwa anatafuta chuma ya geti…"

Kasyoka anaketi juu ya tairi. Alipoletewa gari bila propela, alidhani lilitoka kiwandani hivyo. Gia boksi aliyofunga ni nzima, na kwa sababu ni nzima inagawa nguvu kama ilivyoundwa. Nyuma hakuna cha kuzungusha, basi nguvu zote zinakimbilia huko kwenye wepesi na kuishia hewani.

"Si uchomelee tu kama yeye?" Kavindu anauliza.

"Nichomelee, ikufe mlimani Kanini akiwa ndani? Hapana, mwaitu."

Ameshaosha boliti nane za kufungia propela, akazipanga juu ya kitambaa. "Nikiipata, nusu saa tu. Ijumaa alfajiri niko kwenu."

Basi weka gazeti chini. Wewe wa Nunguni, toka nje sasa hivi, kwangua tope kwenye nguzo ya geti lako. Ukikuta chuma cha mviringo chenye maungio kama msalaba mwishoni, umeiona. Mbuzi wako watachungwa kwa kamba siku mbili. Chukua jembe, ing'oe, ifikishe Malili leo.