Pastor Amekwama kwa Jam

Mama alikuja London baada ya kumzika baba, na alikuwa hajatoa chozi hata moja. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Alipika, alisugua jiko la nyumba yangu mtaani Woolwich, aliimba. Nikaona nimpeleke kwa watu wa dini yetu, huenda moyo ukafunguka.

Sisi ni Marafiki, wale wanaoitwa Wakweka. Kwetu magharibi mwa Kenya, Marafiki ni spika kubwa mlangoni, kwaya zinazogombania maikrofoni, na mhubiri anayesema "namalizia" mpaka watoto wanalala. Ukimsikiliza, utadhani Mungu ana ugonjwa wa masikio. Marafiki wa London wameshika mtindo wa waasisi: hakuna mhubiri wala wimbo, mnakaa kimya mkimngoja Mungu, na anayeguswa na Roho husimama akasema. Haya yote nilimweleza Mama ndani ya basi. Alikuwa akitafuta peremende mkobani.

Tulikaa kwenye duara na wazee wa Kizungu waliovaa sweta za rangi ya uji. Tumbo la mmoja likanguruma. Hakuna aliyeona haya. Kisha bibi mmoja akasimama, akaeleza kwa unyenyekevu mkubwa jinsi alivyomwona kindi kwenye ua wake, akaketi. Nilijikaza nisicheke.

"Pastor amekwama kwa jam?" Mama akaninong'oneza.

"Hakuna pastor, Mama."

Akanitazama kwa huruma. Kwetu, mhubiri akichelewa, akina mama huokoa ibada kwa pambio, na Mama ndiye fundi wa kazi hiyo. Hata kwenye mazishi ya baba, ndiye aliyeanzisha nyimbo zote. Kabla sijamvuta nguo, alishasimama, akapiga makofi, akaanza. Ningependa kusema nilijivunia. Niliangalia viatu vyangu.

Aliimba mstari wa kwanza, akangoja kuitikiwa. Wazee wakamtazama kwa upole uleule waliompa kindi. Akarudia. Kimya. Sauti ikamkatikia katikati ya neno, akaketi, na hapo ndipo alipoanza kulia. Nikafungua mdomo nimwimbie, maana ndivyo tunavyofanya mtu akilia.

"Nyamaza," akasema. "Wacha nimlilie babako. Huko nyumbani kila nikianza, mtu anaanzisha wimbo."

Mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe, na sisi wanawe ndio tuliomwitikia.